Ufagio Juu ya Uchaga

Kwa mila za ukweni kwangu, mke hatamki jina la baba mkwe wake. Akilitamka, wazee wanaguna na mawifi wanamwangalia kama kuku aliyepanda mezani. Lakini mila hizo hazikusema lolote kuhusu kuandika, kwa hiyo naandika bila hofu: Leonidas Nsanzimana. Mdomoni mwangu yeye ni Baba, basi.

Mimi ni Felicitas, mzaliwa wa Muleba. Niliolewa hapa Kimuli nikiwa na cherehani moja na kiburi cha kujaza masanduku mawili. Niliamini kwamba sisi Wahaya ndio tuliopewa usafi na Mungu, na wengine wote wanajaribu tu. Kabla ya chai ya asubuhi lazima uwanja uwe umefagiwa, mistari ya ufagio ionekane, na ole wake atakayeikanyaga kabla sijaitazama vizuri. Mama mkwe wangu, marehemu Mukandekezi, alikuwa akiniangalia kutoka jikoni na kusema, "Felicitas, siku utakayokufa utaamka kwanza ufagie njia ya jeneza." Mimi nilicheka, naye alicheka kunizidi. Hakuna mtu aliyenitania kama yule mama, na sijapata mwingine.

Baba alivuka mto Kagera akiwa mgongoni mwa mama yake, miaka ile watu wengi walipovuka kutoka Rwanda. Hakumbuki chochote cha upande ule. Alikulia hapa, akachunga ng'ombe wa watu, akalima vibanja vya watu, na mwishowe akapata kibanja chake mwenyewe, chenye migomba, kahawa na maharage chini yake. Lakini ukimwuliza kazi yake, hakuambii kilimo. Anakuambia, "Mimi ni mtu wa mbwa."

Na kweli ni mtu wa mbwa. Nilipoolewa, siku ya kuwinda nguruwe pori ilikuwa siku ya kijiji kizima. Nguruwe wakishaingia kwenye mihogo ya mtu, pembe inapulizwa, wanaume wanakuja na nyavu na mikuki, na Baba anatangulia na mbwa wake. Shingoni mbwa walivaa inzogera, zile kengele za chuma, zikiwa zimejazwa majani makavu ili zisilie njiani. "Mnyama hapaswi kupata habari zako kabla hujafika," alikuwa akisema. Majani yalitolewa pale mbwa walipoachiwa. Wakati wa kurudi hayakurudishwa, na sisi tuliobaki tulikuwa tunawasikia wakiwa bado ng'ambo ya bonde, kengele zinalia, watoto wanakimbia kuwapokea. Mpaka leo nikisikia kengele ya mbuzi wa jirani, moyo wangu unainuka kabla akili haijauambia utulie.

Siku ya kwanza ya namna hiyo tangu niolewe, niliamka nikakuta ufagio haupo. Nikautafuta nyuma ya mlango, nikautafuta chini ya kitanda, nikauona juu ya uchaga, ule uchaga wa miti ulio juu ya moto tunaokaushia kuni na mahindi ya mbegu. Nikaushusha. Mama akanipokonya kama nimeshika nyoka.

"Leo hapafagiwi."

"Mama, hebu angalia hayo maganda ya ndizi!"

"Nimeyaona. Yatakaa." Akaurudisha ufagio juu, akakaa kwenye kigoda chake karibu na moto. "Mwenye mkuki akiwa porini, nyumba haibadilishwi. Moto hauzimwi wala haugawiwi, majivu hayatolewi, na ufagio haushuki mpaka aje aushushe mwenyewe. Mtu aliye porini anarudi kwenye nyumba aliyoiacha. Ukiibadilisha, atarudi wapi?"

Mimi ni Mlutheri wa kubatizwa utotoni, sikukubali kunyamaza. Nikamwambia, "Mama, anayelinda ni Mungu."

"Mungu analinda porini," akasema, wala hakukasirika. "Mimi nalinda hapa. Kila mtu na kazi yake."

Jioni Baba aliporudi alisimama pale kibanja kinapoanzia, hakuingia. Akauliza kwa sauti, "Nyumbani pakoje?" Mama akajibu kutoka jikoni, "Pako ulivyopaacha." Ndipo akaingia, akamkabidhi ini la nguruwe lililofungwa kwenye jani la mgomba, fungu la mlinda moto, ambalo halimegwi na mtu mwingine. Kisha akaushusha ufagio, akampa. Niliona ni mchezo wa watu wazima wawili wanaopendana, nikacheka chinichini. Ni kweli ulikuwa hivyo, lakini sikujua kwamba mchezo wa namna hiyo unaweza kuwa nguzo ya nyumba.

Mama alifariki mwaka juzi, msimu wa senene. Baada ya matanga wanawake tulifagia nyumba yote, kona kwa kona, kama inavyotakiwa. Baba alisimama mlangoni, akaitazama sakafu safi, akageuka akaenda kukaa na mbwa.

Tangu siku hiyo hakuwinda. Kiti chake kilihamia kwenye banda la mbwa, na yeye akahamia pamoja nacho. Pembe ilipolia, alisema wako vijana. Mbwa wake wawili wakanenepa. Mkubwa anaitwa Ntibanyurwa, yaani hawatosheki, na kwa mara ya kwanza alianza kuonekana ametosheka. Mdogo ni Gasore. Chakula Baba alikula kwa kunionea huruma mimi niliyekipika. Usiku nilikuwa namwambia mume wangu Nestory, "Baba anatuaga taratibu," naye ananijibu nilale. Nestory ni fundi wa kujenga nyumba. Anajua ukuta unaotaka kuanguka, ila hakutaka kuambiwa kwamba ukuta huu ni baba yake.

Basi mwaka huu, kahawa zikiwa zinaiva, akaja Athanasi. Athanasi anaendesha bodaboda kule mpakani Murongo, na zamani alikuwa akishika wavu upande wa kushoto wa Baba. Alikuja na ujumbe kutoka milimani Karagwe, kitongoji kinachoitwa Kyabitembe. Mwenyekiti wao, Cassian, alikuwa analia. Nguruwe pori wamemaliza mahindi, sasa wako kwenye viazi. Afisa wanyamapori ameruhusu wafukuzwe mashambani, mradi watu wasivuke mpaka wa hifadhi. Mikuki wanayo, miguu wanayo, mbwa hawana.

"Mbwa wao wanajua kubweka tu," Athanasi akasema. "Wakimwona nguruwe wanarudi nyumbani kutoa taarifa."

Baba akacheka. Nilikuwa nashona, nikasimamisha cherehani ili nisikie vizuri, kwa sababu kicheko kile nilikuwa nimekisahau.

"Milima ya kule siijui," akasema.

"Ndiyo hivyo, mzee. Hata mimi siijui."

"Basi tutajiandaa."

Nestory aliposikia alipandisha sauti. "Baba, wewe ni mtu wa mabonde! Kule ni mawe na majabali, ukungu, baridi. Na goti lako je?"

"Goti halijaalikwa. Nimealikwa mimi."

Wanasema ng'ombe hazeeki maini. Kuanzia kesho yake nyumba yetu iligeuka kambi. Baba alitandaza nyavu uwanjani akaziziba matundu, akiuma kamba kwa meno yaliyobaki. Alinoa mkuki, akautazama, akakata mpini ukawa mfupi, kwa sababu mtu mmoja alimwambia kule vichaka vimebanana mpaka mpini mrefu unakwama. Kila asubuhi aliwapandisha mbwa kile kilima cha nyuma ya kanisa, Ntibanyurwa akihema, Gasore akijisifu, na yeye mwenyewe akisimama kila mara kujifanya anatazama mandhari.

Siku ya gulio alikwenda Nkwenda akarudi na buti. Baba maisha yake yote aliwinda kwa katambuga, ndala zile za matairi, lakini aliambiwa mawe ya kule yanakata. Zilikuwa buti za mtumba, kubwa, nyeusi. Akaanza kuzifanyia mazoezi kwenye kibanja, akizunguka migomba kwa mwendo wa bibi harusi aliyevalishwa viatu vya kuazima. Tulijizuia kucheka mpaka tukashindwa. "Chekeni," akasema, "lakini msinichekee karibu na mbwa, watanidharau."

Kilichonigusa zaidi ni namna alivyoutafuta mlima asioujua. Mtu yeyote aliyepita Kimuli akitokea upande ule alikamatwa, akapewa kigoda na kahawa ya kutafuna, akahojiwa. Maji yako wapi? Nguruwe wanalala upande wa jua au wa kivuli? Upepo wa asubuhi unapanda au unashuka? Mfanyabiashara mmoja wa maharage alijikuna kichwa akasema, "Mzee, mimi nilipita na gari, vioo vimefungwa." Baba akamsamehe. Mtawa mmoja aliyekuwa amefundisha kule alijua mengi kuliko wanaume wote. Alikaa mpaka kahawa ikaisha, na mimi nikajiuliza kama masista nao wanawinda.

Kila alichoambiwa alikileta nyuma ya jiko akakijenga. Alichota majivu na udongo, akasimamisha mlima wa kunifika magotini. Mawe madogo yalikuwa majabali, vipande vya jani la mgomba vilikuwa msitu, uzi wangu wa bluu, ambao hakuuomba, ulikuwa kijito. Upande mmoja alichomeka vijiti vilivyofungwa kitambaa chekundu. "Hapa hatuvuki," alimwambia Athanasi. "Hapa ni kwa serikali." Siku moja kuku wangu alichakura bonde zima la mashariki. Nikadhani patawaka moto. Baba akalijenga upya, akasema hata mvua hubadilisha milima.

Mwaweza kufikiri mimi nilivyoteseka. Rundo la majivu, kwenye uwanja wangu, wiki baada ya wiki! Nilifagia kulizunguka huku nimeuma midomo. Lakini nilipomwona amechutama pale, anapima kwa vidole njia ya kushukia, uso wake una damu tena, nilisema moyoni, kama ni majivu yanayomponya mtu huyu, nitamletea ya kijiji kizima.

Siku ya safari ikafika. Athanasi akaja alfajiri na pikapu ya kukodi, nyuma pametandikwa nyasi kwa ajili ya mbwa. Baba amevaa buti. Akaja mpaka mlango wa jiko, akasimama kidogo, akatazama ndani. Nikadhani anataka chai. Akaondoka akamwambia Athanasi kwamba mkanda wa kengele ya Gasore umelika, waahirishe.

Mkanda ukashonwa, mimi mwenyewe niliushona kwa cherehani. Athanasi akaja tena. Baba akasimama tena mlangoni pa jiko, akatazama ndani, akatoka. Safari hii ilikuwa ukucha wa Ntibanyurwa. Mara ya tatu ikawa mawingu, na mbingu haikuwa na hata wingu moja.

"Mzee," Athanasi akasema, mkono kiunoni, "Cassian anasema viazi vinaisha. Tutakuta nguruwe wamehamia kwenye nyumba zao."

"Mlima siujui bado," Baba akajibu bila kumtazama.

Nestory alifurahi. Alisema baba yake ameingiwa na akili. Mimi sikufurahi hata kidogo, kwa sababu nilimwona Baba akivua zile buti, akazipanga vizuri chini ya kitanda kama mtu anayezirudisha dukani, kisha akakaa kwenye kile kiti cha bandani. Kilikuwa kiti kilekile na uso uleule wa mwaka juzi. Nikajua akikaa mara hii hainuki tena.

Hasira zilinipanda, nami nikiwa na hasira nafagia. Nilichukua ufagio nikaingia jikoni kufagia hata pasipohitaji. Ndipo nikasimama pale pale anaposimama yeye, nikatazama ndani kama anavyotazama, ili nijue kwa nini mtu anakuja kuangalia jiko mara tatu na hanywi chai. Kutoka pale mlangoni macho yanakwenda moja kwa moja juu ya moto. Yanakwenda kwenye uchaga.

Palikuwa na kuni. Palikuwa na mahindi ya mbegu. Ufagio nilikuwa nimeushika mimi.

Nilikaa kwenye kigoda cha Mama nikalia, nasema ukweli. Mtu amejenga mlima mzima kwa majivu ili asipotee, kumbe hakuogopa kwenda. Aliogopa kuondoka kwenye nyumba isiyo na mtu wa kumsubiri. Na angeniombaje? Baba mkwe hazungumzi na mkamwana habari za moto wa marehemu mkewe. Tena mkamwana mwenyewe ni mimi, mzee wa kanisa, mpenda ufagio, niliyembishia Mama machoni pake. Mimi nami ningemwambiaje? Kuna mambo katika nyumba yetu ambayo hayana mdomo wa kuyasemea.

Basi sikusema. Nilifagia uwanja kwa mara ya mwisho, kwa heshima, kama mtu anayeaga. Nikamtumia Athanasi ujumbe aje kesho na asiulize maswali. Kisha nikaupandisha ufagio juu ya uchaga, mpini ukielekea mlangoni, kama Mama alivyouweka.

Asubuhi Baba alisikia pikapu, akatoka bila buti, amekwisha andaa sababu yake mdomoni. Akapita jikoni. Akasimama mlangoni. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, nachochea moto, sikuinua macho kwa sababu ya adabu na kwa sababu nyingine. Hakuondoka mpaka ugali wa mbwa ukaanza kuungua.

"Mkwe."

"Abee, Baba."

"Chai ina tangawizi?"

"Ina tangawizi, Baba."

"Haya."

Akainywa kwa kusimama, yote, ikiwa ya moto vile vile. Akaenda kuvaa buti. Nilimsikia akijaza majani makavu kwenye kengele, anawasemesha mbwa kwa Kinyarwanda, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliye na haraka. Walipoondoka hakuaga. Kwa kawaida yao mwindaji haagi.

Sasa nieleze mateso yangu. Kufikia saa nne kuku walikuwa wamefanya uwanjani yote wanayoyafanya. Maganda ya ndizi yalilala pale nilipoyamenyea. Upepo ukaleta majani ya mgomba kutoka kwa jirani, utadhani yametumwa. Mikono iliniwasha, nikaikalia. Nikajifunza kwamba Mama hakuwa amekaa tu siku zile. Kukaa kulikuwa kazi, na alikuwa akiifanya bila kumlilia mtu.

Mchana wakaja wageni. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba ni zamu yangu ya kutembelewa na umoja wa wanawake wa kanisa. Mbele yao alikuwa Evaresta, mwenyekiti wetu, mwanamke wa Bukoba, mrefu, mwenye macho yanayoona vumbi nyuma ya kabati. Akatazama uwanja. Akanitazama mimi.

"Felicitas, unaumwa?"

"Siumwi, mama."

"Basi umefiwa?"

"Sijafiwa. Karibuni mketi."

"Tutaketi wapi hapa? Ngoja tukusaidie." Akazunguka kutafuta ufagio, akachungulia jikoni, akauona. Kwa urefu wake hakuhitaji hata kupanda kitu, akanyoosha mkono. Nikaruka nikamkamata kifundo cha mkono. Mwenyekiti wa umoja wa wanawake! Wenzake wakashika vinywa.

"Uache, mama. Nakuomba."

"Kuna nini kwenye ufagio?"

"Hakuna kitu. Uache tu hapo."

Akawa anatafuta jambo la kutuondoa kwenye aibu ile. Akasema basi, nimpatie makaa machache mmoja wao anayekaa jirani, akapige pasi sare za kwaya. Makaa, kati ya vitu vyote! Nikamwambia moto haugawiwi leo. Nilimwona akijumlisha ufagio, moto na majivu yaliyofurika mafigani, na nikajua Jumapili nitakuwa mada. Waliomba sala fupi sana wakaondoka. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mimi baada ya miaka yote hii nilikuwa mgeni kwa watu wangu mwenyewe.

Jioni mvua ikaanza kudondoka. Nilikimbia nikachukua turubai la kuanikia kahawa, nikaufunika mlima wa majivu, nikaweka mawe pembeni. Nestory alirudi kazini akanikuta nimeloa, nalinda rundo la majivu. Akatazama uwanja, akatazama uchaga.

"Wewe? Mzee wa kanisa?"

"Mungu analinda mlimani," nikamwambia.

Maneno yale alikuwa ameyasikia tangu anatambaa, na alijua yanavyomalizika. Akavua koti, akaenda kunipasulia kuni.

Walikuwa wamesema watarudi kesho yake. Kesho yake ikapita. Simu ya Athanasi haikupatikana, ya Cassian ikaita mpaka ikachoka. Nestory alitaka kuwafuata, nikamwambia angoje. Usiku nililala palepale jikoni, kila moto ulipofifia nikaamka. Sikuwa naamini ufagio. Nilikuwa naamini kwamba kule kwenye baridi kuna mzee anayejua kuwa mimi niko hapa, na hilo sikuweza kulivunja.

Mchana wa siku iliyofuata nilikuwa namenya ndizi nikasikia. Kwanza nikadhani ni mbuzi wa jirani, nikaukemea moyo. Moyo ukakataa kukemewa. Zilikuwa kengele mbili, moja nzito na moja nyepesi, ng'ambo ya bonde, na zilikuwa wazi, hazina majani.

Pikapu ilikuwa imewashusha barabarani, wakaja kwa miguu kama zamani. Athanasi alikuja mbele, amechafuka matope mpaka masikioni, akaanza kusimulia kabla hajafika. Nguruwe wawili waliangushwa, kundi lote likahama, Cassian amechinja mbuzi, watu wa kule wamecheza ngoma. Lakini siku ya kwanza ukungu uliwashukia wakiwa juu kabisa, mtu haoni mkono wake, na wenyeji wenyewe wakaanza kubishana njia. Wengine walitaka kukimbia, na mbele yao palikuwa na jabali. "Mzee akakaa chini juu ya jiwe," Athanasi akasema. "Akatuambia, kaeni, tutalala hapa. Tukamwuliza, huogopi? Akasema, siogopi, nyumbani kuna mtu kando ya moto."

Nilimgeuzia mgongo nikajifanya naangalia sufuria.

Baba alikuwa amesimama pale kibanja kinapoanzia. Amekonda, buti moja imepasuka, anachechemea mguu wa lile goti ambalo halikualikwa. Mbwa walikuwa wamelala miguuni pake. Hakuingia. Aliangalia nyumba, na mimi nikawa namwomba Mungu kimoyomoyo aulize, na nikawa naogopa akiuliza.

"Nyumbani pakoje?"

Swali lile lilikuwa halijasikika katika kibanja kile tangu Mama.

"Pako ulivyopaacha, Baba."

Akaingia. Akatazama maganda, majani, mavi ya kuku, majivu yaliyomwagika mpaka kizingitini. Akaona turubai, akalifunua, mlima wake ulikuwa umesimama na vijiti vyake vyekundu. Akapangusa macho kwa mkono wenye matope, wala hakujificha. Kisha akanikabidhi kile kifurushi cha jani la mgomba, ini, kwa mikono miwili. Akaingia jikoni, akajinyoosha, akaushusha ufagio akanipa.

"Fagia, mama," akasema. "Najua ulivyoteseka. Umekonda kunishinda."

Nilicheka huku machozi yanateremka. Nikaanza kufagia kama mtu aliyefunguliwa kifungoni, kuanzia mlangoni, nikaenda mpaka kwenye banda la mbwa, ambako nilikikuta kile kiti, na yeye mwenyewe akakibeba akakirudisha barazani. Nilipofika kwenye mlima wa majivu nikasimama.

"Na huu, Baba?"

Alikuwa anavua buti, hakuinua kichwa.

"Ufagie," akasema. "Sasa naujua."

Nikaufagia.